Kupanga episodi za katuni uipendayo, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kujidanganya

Shule zikifungwa tu, maswali yanaanza. Vijana wa mtaani kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, hunisimamisha njiani na simu mkononi. "Kaka, nimemaliza katuni yote, sasa naipangaje?" Mwingine anauliza atoe alama ngapi. Wa tatu, na hawa ndio wengi, ananiambia ameandika "ni kali sana" halafu akakwama hapo. Nimeyajibu haya kwenye foleni ya rolex, ile chapati ya mayai, nimeyajibu nikiwa nyuma ya boda, hata msibani yalinifuata. Leo nayaandika ili nipumzike.

Mfano wangu ni katuni moja: Avatar: The Last Airbender. Nickelodeon ya Marekani ilianza kuirusha tarehe 21 Februari 2005 na kuimaliza tarehe 19 Julai 2008. Waliobuni ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Ndani yake baadhi ya watu wana nguvu ya kuamrisha maji, ardhi, moto au upepo. Ina misimu mitatu ambayo yenyewe inaiita vitabu: Maji episodi 20, Ardhi 20, Moto 21. Jumla 61. Kama moyo wako uko kwa katuni nyingine ya mazimwi na uchawi, badilisha majina tu.

Jambo moja ulijue mapema: hatutatoa alama juu ya kumi. Nilizitoa zamani, na zaidi ya nusu ya episodi zangu zikaangukia nane. Nane juu ya kumi ni kama "salama" ya mtu anayeumwa, imejibu swali bila kukuambia kitu. Sisi tutashindanisha episodi mbili mbili. Ni kazi, lakini ukimaliza unaweza kuitetea orodha yako mbele ya yeyote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Episodi zote, zikiwa kamili na kwa mpangilio wake. Hakikisha ni katuni yenyewe. Kuna filamu ya waigizaji ya 2010 na tamthilia ya waigizaji ya Netflix ya 2024, na ukitafuta kwa haraka unaweza kuletewa hizo. Lile neno Avatar pekee litakuletea watu warefu wa rangi ya buluu wa filamu nyingine, nao hawatuhusu.
- Daftari la kurasa 96 na kalamu inayoandika.
- Karatasi ya manila, uikate vipande 54 vya ukubwa wa karata. Mbona 54 na si 61? Subiri Hatua ya 2.
- Spika za masikioni. Muziki wa katuni hii umefanya kazi kubwa, na spika ya simu inaula wote.
- Mkeka, au meza ambayo hakuna atakayeihitaji kwa chakula cha jioni.
- Muda. Episodi moja ni kama dakika 23, kwa hiyo zote ni karibu saa 23 na nusu. Kwa mbili kila jioni utamaliza kwa mwezi mmoja, umeme ukikubali. Weka pawabenki karibu.

Neno kuhusu VJ

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo letu sisi wa Uganda na sijaona mwongozo wa mtu wa nje unaoligusa. Wengi wetu filamu za kigeni tulikutana nazo kwanza kwenye kibanda cha video, VJ akiwa na maikrofoni, anatafsiri kwa Kiganda na kuongeza chumvi yake. VJ Jingo na VJ Junior wamewafundisha watu wengi kupenda filamu kuliko mwalimu yeyote. Na kule Wakaliga, Kampala, filamu hutolewa na sauti ya VJ ikiwa ndani yake kabisa. Ukiitoa umeivunja filamu.

Lakini katuni yetu haikutengenezwa hivyo. VJ akisema juu yake, anafunika muziki, anajaza ukimya kwa utani, anampa mhusika jina la jirani yako. Utacheka, na utamkumbuka yeye. Nina rafiki aliyeniapia kwamba episodi fulani ndiyo ya kuchekesha kuliko zote. Tulipoiangalia kwa sauti yake halisi, alikaa kimya dakika zote 23. Vichekesho vyote vilikuwa vya VJ.

Kwa hiyo, kwa kazi hii, angalia kwa sauti asilia. Ukitaka kumhakiki VJ, na anastahili, mfungulie ukurasa wake.

Hatua ya 1: Sahihisha majina ya mafaili

Usiicheke hatua hii. Mafaili yakiwa yameitwa 1, 2, 3 hadi 20, baadhi ya simu na TV za flashi huyapanga kwa herufi: 1, 10, 11, 12, mpaka 19, ndipo 2 ifuate. Mwaka wa kwanza nilioiangalia katuni hii kwenye TV ya shemeji, niliona episodi ya kumi mara tu baada ya ya kwanza, nikashangaa watu hawa wamejuana lini. Niliwalaumu waandishi kwa wiki nzima.

Yape tarakimu mbili: 01, 02, 03. Ukitanguliza namba ya kitabu ni bora zaidi: 1-01, 1-02, hadi 3-21.

Hatua ya 2: Andika kanuni zako ukurasa wa kwanza

Kanuni mbili zinatosha.

Ya kwanza: unapanga kwa lipi? Episodi iliyotengenezwa vizuri, au unayoipenda? Hayo ni mambo mawili. Mimi hupanga kwa swali moja: ipi ingeniuma zaidi kama ingefutwa duniani? Chagua swali lako, liandike, usilibadilishe katikati ya safari.

Ya pili: episodi zenye jina moja na sehemu zaidi ya moja utazihesabuje? Mimi huziweka kwenye kipande kimoja. "The Winter Solstice", "The Siege of the North", "The Day of Black Sun" na "The Boiling Rock" zina sehemu mbili mbili, na "Sozin's Comet" ina nne. Ukiziunganisha, 61 inashuka hadi 54. Ukizitenganisha, sehemu ya mwisho ya "Sozin's Comet" itapewa sifa ambazo tatu za kabla yake ndizo zilizozitolea jasho.

Hatua ya 3: Angalia mara ya kwanza bila kalamu

Weka kalamu mbali. Ukiandika huku unaangalia, macho yako yatakuwa kwenye daftari pale hasa uso wa mhusika unapobadilika. Episodi ikiisha, simamisha kabla nyingine haijaanza yenyewe, uandike mistari mitatu:

1. Tukio moja ninaloliona nikifumba macho.
2. Nani amebadilika, kutoka nini kuwa nini.
3. Kilichonikera, hata kama ni kidogo.

Mstari wa tatu usiuruke. Hata uipendayo sana ina mahali ilipochechemea, na mtu asiyepaona haaminiki akisifu. Kisha andika jina la episodi kwenye kipande chake cha manila.

Kosa la kawaida: kuangalia sita kwa mkupuo usiku mmoja na kuandika asubuhi. Utakuta umeandika habari za episodi moja ndefu isiyokuwepo.

Hatua ya 4: Pandisha kila kipande mahali pake

Huu ndio moyo wa kazi. Vipande viko mkekani kwa mstari, bora juu, dhaifu chini. Umeshika kipya. Usianzie juu, wala usikichomeke kwa kukisia. Kilinganishe na kile cha katikati. Kikishinda, chukua nusu ya juu, ulinganishe tena na cha katikati yake. Kikishindwa, nenda nusu ya chini. Endelea mpaka pabaki nafasi moja.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwangu. Mkekani palikuwa na vipande 24, mkononi nina "Zuko Alone", episodi ya saba ya kitabu cha Ardhi. Zuko ni mwana wa mfalme wa Taifa la Moto aliyefukuzwa kwao. Cha 12 kilikuwa "The Waterbending Scroll". Kikashindwa mara moja. Cha 6, "The Deserter", nacho kikaanguka. Cha 3, "The Blue Spirit", hapo nilinyanyuka nikanywa maji kwanza, kisha nikampa Zuko. Cha 2, "The Siege of the North", ni vita vikubwa na mwezi mwekundu, lakini nikirudi kwenye swali langu la kufutwa, Zuko tena. Kikabaki cha kwanza, "The Storm", inayosimulia maumivu ya Aang, mtoto wa upepo ambaye ndiye shujaa wa katuni, na ya Zuko ndani ya dhoruba moja kwa dakika zilezile 23. Hapo Zuko alisimama. Nafasi ya pili, kwa maswali matano tu.

Hata ukifika kipande cha 54, hutahitaji kulinganisha zaidi ya mara 6 kukiweka. Kazi nzima haizidi ulinganisho 261. Ungeshindanisha kila kimoja na kila kimoja ungefanya 1,431, na likizo ingekuishia mkekani.

Piga picha ya mkeka kila jioni. Mpwa wangu, binti wa dada, alifika na ufagio siku ya kumi na tisa. Sikuwa na picha.

Hatua ya 5: Rudia chache, na kila moja kwa jicho moja

Huna haja ya kurudia zote. Rudia tano za juu, tatu za chini, na nyingine yoyote unayotaka kuiandikia. Safari hii shika kalamu, lakini chagua kitu kimoja cha kufuatilia.

Miguu, kwa mfano. Kila taifa katika katuni hii linapigana kwa mtindo uliotokana na mchezo halisi wa Kichina: maji ni Tai Chi, ardhi ni Hung Gar, moto ni Shaolin wa Kaskazini, upepo ni Baguazhang. Ukishajua hilo, tazama anavyosimama mtu wa ardhi, nyayo zimekita kama mguu wa kinu, halafu umtazame Aang anayezunguka adui bila kutulia mahali. Kisha mtazame Toph, msichana asiyeona. Yeye ni wa ardhi lakini hachezi Hung Gar kama wenzake. Mtindo wake umetokana na ule wa vunjajungu wa Kusini, na tofauti hiyo inaonekana kwenye vidole na hatua zake kabla hajasema neno.

Mara nyingine zima sauti kabisa. Kama bado unaelewa nani anamwogopa nani, wachoraji wamefanya kazi yao.

Hatua ya 6: Iache ilale wiki moja

Funika vipande. Baada ya siku saba, linganisha upya kumi za juu, jirani kwa jirani. "Sozin's Comet" ndiyo huwa ya kwanza kushuka, kwa sababu ulipoiweka ulikuwa bado unalia. Kwangu ilishuka kutoka ya kwanza hadi ya nne, na sijutii.

Hatua ya 7: Andika uhakiki

Shika kitu kimoja kinachoonekana, ukifuate. Usisimulie hadithi nzima. Aliyeiona anaijua, na ambaye hajaiona umemharibia. Linganisha haya mawili. La kwanza nimeletewa na kijana mmoja:

"Zuko Alone ni episodi kali sana yenye hisia nyingi. Zuko anatembea peke yake na anakutana na familia. Mapigano ni mazuri. 9/10."

La pili ni langu:

"Kisu kidogo ndicho kinachobeba episodi hii. Iroh, baba mkubwa wa Zuko, alikituma kwake utotoni, kutoka vitani. Sasa Zuko, mwenye njaa na asiye na jina, anampa Lee, mtoto wa familia iliyomlisha. Kisu hichohicho kinamponza mtoto: anawachomolea askari, wanamfunga. Zuko anamwokoa, anataja jina lake mbele ya kijiji, halafu anataka kumrudishia kisu chake. Mtoto hakitaki. Pigano lina moto wa kutosha, ila mimi nilibaki na mkono ule ulionyooshwa bila kupokelewa."

Si urefu unaoyatofautisha. La pili limekamata kisu likakataa kukiachia.

Habari za nje ya hadithi zitumie zinapobadilisha unachokiona. "The Tales of Ba Sing Se" imewekwa wakfu kwa Mako, mwigizaji aliyekuwa sauti ya Iroh, aliyefariki mwaka 2006. Wakfu huo unatokea mwishoni mwa kisa cha Iroh mwenyewe, mzee anayepanda kilima jioni kumkumbuka mwanawe aliyekufa vitani. Ukilijua hilo, kisa kinakuwa na msiba wa pili ndani yake. Lakini orodha ya studio na tarehe za kurushwa, isipokuwa umeulizwa, iache daftarini.

Na siri za hadithi? Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Yaliyo katika robo ya mwisho ya episodi yaandikie onyo juu kabisa. Mimi mwenyewe nimekuvunjia kisu cha Zuko hapo juu, nisamehe. Nisingeweza kukuonyesha kwa njia nyingine.

Kosa linalowapata wengi: kubeba orodha ya watu

Ukiuliza mashabiki episodi mbovu kuliko zote, wengi watakujibu "The Great Divide", ya 11 ya kitabu cha Maji. Hata katuni yenyewe inaitania baadaye, ndani ya "The Ember Island Players". Basi kila anayeanza anaiweka mwisho kabla hajaiangalia.

Mimi nimeiweka ya tatu kutoka mwisho, na nitaitetea. Ni kweli inachosha katikati. Lakini koo mbili zinazochukiana miaka mia moja zinapatanishwa na Aang kwa uongo mtupu: anatunga habari kwamba ugomvi wa babu zao ulikuwa mchezo wa watoto, na wanaukubali. Mtu aliyewahi kukaa chini ya mwembe akisikiliza wazee wakimaliza kesi ya mpaka wa shamba atajua kwamba uongo wa namna hiyo una kazi yake. Mwisho kabisa kwangu ipo "Avatar Day", ambayo kesi yake ya mahakamani inanichosha zaidi na hainipi cha kufikiria.

Ukikwama

*A inaishinda B, B inaishinda C, halafu C inaishinda A.* Umebadilisha kanuni njiani bila kujua. Mara moja ulipima kicheko, mara nyingine machozi. Soma ukurasa wa kwanza wa daftari, rudia zote tatu kwa swali lilelile.

*Zote mbili ni sawa kabisa.* Hazipo mbili za namna hiyo. Jiulize: umeme umekatika, simu ina chaji ya dakika 23 tu, unafungua ipi? Kidole kitajibu kabla ya kichwa.

*Maandishi ya chini yanachelewa au yanatangulia sauti.* Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows, bonyeza G yawahi, H yachelewe. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo usichoke ukibonyeza mara ishirini.

*Episodi imekatika dakika tatu kabla ya mwisho.* Flashi ilichomolewa mapema. Usiipange. Geuza kipande chake kifudifudi mpaka upate nzima.

*Mistari mitatu inatoka mitupu.* Pengine uliangalia huku unajibu ujumbe. Au episodi yenyewe ni tupu, na hilo nalo ni uhakiki, liandike.

*Mwenzako hakubaliani nawe.* Mwambie alete vipande vyake, siyo kelele. Tafuta episodi ambayo mmeachana kwa nafasi nyingi zaidi, muiangalie pamoja, kila mmoja aseme tukio lake moja. Mimi na mpwa wangu tumeachana kwenye "Appa's Lost Days", ile ya nyati arukaye aliyepotea. Kwake ni ya kwanza, kwangu ya tisa. "Mjomba, huyu mnyama amekukosea nini?" ananiuliza. Nikitoka chumbani kupokea simu, nikirudi nakuta nyati yuko juu kabisa ya mkeka, na mtoto anaangalia dari.